Gazeti la "Cheche" na Wasomaji wa Ng'ambo ya Ziwa

Mwezi wa Novemba mwaka 1969 wanafunzi wa Chuo cha Dar es Salaam walianza kuuziana gazeti ambalo halikufanana kabisa na magazeti ya mjini. Maneno yake yalikuwa yamepigwa taipu katika stensili, yakarudufiwa kwa mashine, kisha kurasa zikapangwa na kubanwa kwa mikono ya wanafunzi wenyewe. Jina lake lilikuwa Cheche. Wahariri walikuwa watatu, nao wote walikuwa bado wanasoma: Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji. Gazeti hilo halikuishi sana. Mwaka mmoja tu baada ya kuzaliwa lilipigwa marufuku, na chama kilichokuwa kikilitoa kikafungwa pamoja nalo. Hata hivyo hapana gazeti la wanafunzi katika Afrika Mashariki lililosemwa zaidi kuliko hili, wala lililowasumbua wakubwa kwa kurasa chache namna ile.

Jina lenyewe lina historia. Mwaka 1900 Lenin na wenzake waliokimbia Urusi walitoa gazeti lililoitwa kwa neno la Kirusi lenye maana ya cheche, na katika siku za Nkrumah kulikuwa na gazeti mjini Accra lililochukua jina lile lile kwa Kiingereza. Vijana wa Mlimani walilifuata jina hilo wakijua watokako. Lakini kwa msemaji wa Kiswahili cheche si neno la kitabuni. Ni neno la jikoni, la kijinga cha moto kinachopulizwa alfajiri, na kila mtoto amekwisha kuonywa juu yake. Kwa hiyo jina lilikuwa jepesi kueleweka na kila mtu. Yaliyokuwamo ndani ndiyo hayakuwa mepesi, maana karibu yote yaliandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza cha watu waliosoma sana. Jambo hili litarudi tena mbele, kwa sababu ndilo lenye uzito.

Yafaa kwanza kukumbuka chuo chenyewe kilikuwa nini. Kilifunguliwa Oktoba 1961 katika nyumba ya TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 14 wa sheria. Mwaka 1964 kikahamia kilimani, mbali kidogo na mji, na hadi katikati ya mwaka 1970 kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Mwanafunzi aliyepata nafasi pale alikuwa mtu mmoja katika maelfu. Alipewa chumba, chakula na vitabu kwa fedha za umma, tena alijua kwamba mara amalizapo masomo kuna kazi inayomngoja, na mshahara ambao baba yake hakupata kuuona.

Fikiri juu ya kijana aliyetoka Karagwe, pembe ya kaskazini magharibi ya nchi, katika mkoa ulioitwa wakati ule Ziwa Magharibi. Safari yake ya kwenda masomoni ilianza kwa lori au basi kushuka hadi Bukoba. Kutoka Bukoba alipanda meli usiku kucha hata Mwanza, na Mwanza akaingia garimoshi lililopita Shinyanga, Tabora, Dodoma na Morogoro kabla ya kufika pwani. Nyuma yake aliacha migomba na mibuni, na wazee waliouza kahawa yao kwa chama cha ushirika. Fedha za kahawa hiyo, na za pamba na katani za mikoa mingine, ndizo zilizojenga majumba ya Mlimani. Hapo ndipo lilipo swali ambalo Cheche ilijaribu kuliuliza: mtu aliyesomeshwa kwa jasho la namna hiyo anawiwa nini, naye anawiwa na nani?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kupata jibu baya mara moja. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana kupinga sheria ya kuwalazimisha kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Sheria ile ilitaka watumikie miaka miwili, na kwa sehemu kubwa ya muda huo wakatwe asilimia 60 ya mishahara yao. Walibeba maandishi yaliyomkasirisha Rais Nyerere sana. Aliwasikiliza, akawajibu kwa hasira, akatangaza kwamba na mshahara wake mwenyewe utapunguzwa kwa asilimia 20. Kisha karibu wanafunzi 400 wakafukuzwa na kurudishwa makwao. Wapo waliorudi na mabegi yao mpaka vijijini, wakawaeleza wazazi, kila mmoja kwa namna aliyoweza. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatoka Azimio la Arusha, na Machi mwaka huo huo maandishi ya Rais juu ya elimu ya kujitegemea. Hapana shaka mambo hayo yalifuatana kwa sababu: Rais alikuwa ameona kwa macho yake ni tabaka la namna gani lililokuwa likifugwa kilimani.

Katika hali hiyo kikazaliwa chama cha USARF, yaani umoja wa wanafunzi wanamapinduzi wa Afrika, mwaka 1967. Mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Yoweri Museveni, kijana wa Ankole. Nchi ya Ankole na nchi ya Karagwe zimetenganishwa na mto Kagera tu, na Mnyambo akisema na Mnyankole husikilizana bila mkalimani. Mtu aliyesimama Murongo, katika sehemu ambayo tangu mwaka 2012 ni Wilaya ya Kyerwa, huiona Uganda ng'ambo ya maji. Walikuwamo pia Watanzania, Wakenya, Wamalawi na wengineo. Walimu nao walisaidia, na aliyesaidia zaidi ni Walter Rodney, mwanahistoria wa Guyana, aliyefika mara ya kwanza 1966, akaenda Jamaika, na alipokatazwa kuingia tena kisiwani mwaka 1968 akarudi Dar es Salaam mwaka uliofuata.

Wanachama wa USARF walikuwa wachache, lakini walijua kujionyesha. Walifanya darasa la siasa kila Jumapili asubuhi, saa ile ile ambayo wenzao walikuwa kanisani, na hawakuchagua saa hiyo kwa bahati. Mwaka 1968 kundi lao lilikwenda Msumbiji kuona sehemu zilizokombolewa na FRELIMO. Mwaka huo huo walivunja sherehe ya wanafunzi iliyorithiwa kwa vyuo vya Uingereza, ambayo watu huvaa matambara na kupita mjini juu ya malori wakichangisha fedha za maskini. Vijana hawa walisema kuwa huko ni kuwadhihaki maskini, wakazitoa pumzi tairi za magari, na sherehe ikaishia papo hapo. Machi 1969 ukatokea mgogoro katika kitivo cha sheria, wanafunzi wakiweka vizuizi na kudai mafundisho yaliyoletwa kutoka Marekani yabadilishwe. Kwa hiyo Cheche ilipotokea Novemba haikuwa mwanzo wa jambo. Ilikuwa ni sauti ya watu ambao mpaka hapo walikuwa wakitumia miguu na mikono.

Kazi ya gazeti hilo katika maisha ya chuo ilikuwa ni kuwanyima watu usingizi. Kabla yake palikuwapo maandishi ya wanafunzi, kama vile jarida la Darlite lililotolewa katika idara ya Kiingereza tangu katikati ya miaka ya 1960, nalo lilikuwa la hadithi na mashairi. Cheche ilikuja na deni la nchi, bei ya mazao, benki, makampuni, na vita vya kusini. Katika toleo la kwanza Rodney aliandika juu ya kazi ya Mwafrika chini ya ubepari na ubeberu. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma makala hiyo aliweza kuingia darasani siku ya pili na kumwuliza mwalimu wa uchumi maswali ambayo hayakuwamo katika kitabu chake. Palizuka ubishi katika ukumbi wa chakula na katika vyumba vya kulala. Wengi waliwacheka wahariri, wakawaona kama watu waliojitwika dini mpya. Lakini hata aliyecheka alilazimika kwanza kulisoma, na pengine huo ndio ushindi mkubwa wa gazeti lolote la wanachuo.

Hapo mwanzo serikali na vijana hawa walikuwa kama watu wa nyumba moja. Wengi wa USARF walikuwa pia katika tawi la Umoja wa Vijana wa TANU pale chuoni, na shabaha yao, kama walivyosema, ilikuwa kulitetea Azimio la Arusha. Lakini ufa ulionekana mapema. Desemba 1969 Rodney alisoma hotuba katika semina ya vijana mjini, akazikemea baadhi ya serikali za Afrika huru na kusema kwamba hazitaondoka ila kwa nguvu. Hotuba ilipochapwa katika The Nationalist, gazeti la TANU, siku iliyofuata tahariri ya gazeti lile lile ikamshukia kwa maneno makali, na watu wengi waliamini kuwa kalamu iliyoandika tahariri hiyo ilitoka Ikulu. Rodney aliandika barua ya kujieleza. Somo lilikuwa wazi kwa kila mwenye kusoma: wageni na vijana waliruhusiwa kumtukana beberu kwa kadiri wapendavyo, ila si kuwapimia viongozi wa Afrika.

Ndipo mwezi wa Septemba 1970 Cheche ikatoa toleo la pekee lenye makala moja tu ndefu. Mwandishi alikuwa Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, ambaye ndiyo kwanza amalize masomo ya sheria. Makala hiyo ilihusu mapambano ya kitabaka yanayokwenda kimyakimya katika Tanzania. Ubora wake haukuwa katika maneno makali, kwani maneno makali yalikuwa mengi Mlimani. Shivji alichukua majina ya makampuni, mikataba ya uendeshaji iliyotiwa sahihi baada ya mali kutaifishwa Februari 1967, na orodha za wakurugenzi, akaviweka mezani. Kisha akauliza: ikiwa benki na viwanda ni vya umma, lakini vinaendeshwa kwa mkataba na wale wale waliokuwa navyo, na faida inatoka nchini kwa mlango mwingine, ni nani aliyefaidika? Jibu lake lilikuwa kwamba linakua tabaka la watu wa ofisini, ambao hawana mali kwa majina yao, ila wanaishikilia mali ya nchi, na maslahi yao hayafanani na ya mfanya kazi wala ya mkulima.

Jambo hilo halijapata kusemwa wazi namna hiyo nchini. Mpaka hapo adui alikuwa nje, au alikuwa bepari mwenye duka. Sasa alionyeshwa akiwa amekaa kitini pa serikali. Toleo lilisomwa na waliomo chuoni na wasiokuwamo, likavuka mipaka ya nchi. Wataalamu waliokuwa wakifundisha pale, akina Rodney, John Saul na Tamas Szentes, waliandika kulijadili, na mwaka 1973 makala na majadiliano yake yakatolewa kuwa kitabu na Tanzania Publishing House.

Lakini wakati huo gazeti lenyewe lilikuwa limekwisha kufa. Novemba 1970, miezi miwili baada ya makala ya Shivji, ikaja amri kwamba USARF ivunjwe na Cheche isitolewe tena. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba Umoja wa Vijana wa TANU upo chuoni na unatosha, hivyo hakuna haja ya chama kingine. Ya pili, kwamba jina la Cheche linatokana na gazeti la Lenin na kwa hiyo litawafanya watu wadhani Tanzania inajenga ujamaa wa Kirusi. Hii ya pili ni vigumu kuitazama bila kutabasamu. Jina lilikuwa limesomwa na kila mtu kwa mwaka mzima bila kumdhuru yeyote, na chuo kilikuwa kimejaa vitabu vya Kiingereza ambavyo havikumfanya mtu kudhani kwamba Tanzania inajenga ufalme wa Kiingereza. Iliyo kweli ni kwamba serikali iliyokuwa ikielekea kushika kila kitu mikononi mwa chama kimoja haikuweza kuvumilia kundi dogo lenye mashine ya kurudufu na lisilo na mzee wa kulilinda. Tena ikumbukwe kwamba Julai mwaka huo chuo kilikuwa kimekuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Rais mwenyewe akiwa mkuu wake wa heshima, na Pius Msekwa, aliyekuwa mtendaji mkuu wa TANU, akiwa msimamizi wake. Chama kilikuwa kimehamia kilimani.

Wahariri hawakuandamana. Mapema mwaka 1971 likatoka gazeti jipya, MajiMaji, kwa jina la Umoja wa Vijana wa TANU pale Chuo Kikuu, na wengi walioliandika walikuwa wale wale. Safari hii jina lilichukuliwa kwa vita vya kusini vya 1905 hata 1907, na hakuna aliyeweza kusema ni la Kirusi.

Sasa turudi ng'ambo ya Ziwa, maana mwaka ule ule wa 1970 kulikuwa na mambo mengine ya kusoma na kuandika. Rais alikuwa ameutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Katika mikoa minne ya Ziwa, yaani Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, tangu 1968 ulikuwa ukiendeshwa mpango wa kisomo chenye manufaa kwa msaada wa UNESCO, makao yake Mwanza. Watu wazima walifundishwa herufi kwa vitabu vilivyoeleza kazi zao: pamba kwa wenye pamba, uvuvi kwa wavuvi, migomba kwa watu wa migomba. Basi wakati wanafunzi wa Mlimani wakibishana juu ya mkulima ni tabaka gani, mkulima mwenyewe alikuwa amekaa chini ya mti jioni, mikono ikiwa bado ina udongo, akijifunza kuandika jina lake.

Tena mkulima yule hakuwa mgeni wa mambo ya kitabaka. Karagwe ilikuwa nchi ya watawala wa ukoo wa Bahinda, yenye wafugaji na walimaji ambao hawakukaa sawa mbele ya mtawala. Upande wa Buhaya palikuwa na desturi ya nyarubanja, ambayo kwayo mtu alilima shamba kama mtwana wa mwenye ardhi, akampelekea mazao na kazi, hata kama babu yake ndiye aliyepanda migomba ile. Madaraka ya watemi yaliondolewa na sheria mwaka 1963, na sheria ya 1965 ikawafungua wapangaji wa nyarubanja. Watu wa mkoa huo walijua, bila kusoma kitabu, jinsi mtu anavyoweza kula jasho la mwenziwe kwa cheo tu. Kama makala ya Shivji ingalisimuliwa kwa Kiswahili chepesi katika baraza la kahawa, yamkini wangalitikisa vichwa na kusema kwamba bwana amebadilika mavazi.

Haikusimuliwa. Huo ndio upungufu mkubwa wa Cheche, nao haukuletwa na amri ya serikali. Gazeti lililomtaja mkulima kila ukurasa halikuandikwa ili yeye alisome. Kuwatetea wahariri kuna hoja: vitabu walivyovitumia vilikuwa vya Kiingereza, wenzao wa Malawi na Uganda hawakujua Kiswahili cha kutosha, na maneno mengi ya elimu hiyo yalikuwa hayajapata Kiswahili chake. Lakini lugha hupata maneno kwa kutumiwa. Kama akili zile zingalijitahidi mwaka mmoja kuandika habari za mtaji na ziada kwa Kiswahili, kazi ingalianza miaka kadhaa mapema.

Haidhuru, wenzao wa idara ya historia nao walikuwa na upungufu wao. Mwaka huo huo wa 1970 Chama cha Historia cha Tanzania kilitoa kijitabu cha Israel Katoke juu ya kuundwa kwa ufalme wa Karagwe, kilichotegemea masimulizi ya wazee. Kabla ya hapo msomaji aliyetaka habari za Karagwe alimtegemea hasa Speke, Mwingereza aliyemfikia Rumanyika mwishoni mwa 1861 akaandika aliyoyaona kwa jicho la mgeni. Kazi ya Katoke ilikuwa njema na ya lazima. Lakini lawama iliyozuka Mlimani miaka iliyofuata, kwamba wanahistoria wa Dar es Salaam wanaandika mno habari za falme na kusahau walioshika jembe, ilitokana na moto ule ule uliowashwa na vijana wa Cheche.

Februari 1971, miezi mitatu tu baada ya gazeti kufungwa, TANU ilitoa Mwongozo wake. Ndani yake mlikuwa na maneno juu ya viongozi wenye kiburi na dharau ambayo yangaliweza kuchapwa katika Cheche bila mtu kuona tofauti. Wafanya kazi wa viwandani waliyashika na kugoma kwayo. Chuoni nako, Julai 1971, Simon Akivaga, kiongozi wa serikali ya wanafunzi aliyetoka Kenya, aliandika barua ya wazi kuulaumu uongozi wa chuo. Polisi wenye silaha wakaja kumkamata mbele ya wenzake, akarudishwa kwao. Machi 1978 wanafunzi waliandamana tena, mara hii kupinga marupurupu ya mawaziri na wabunge, ambalo ndilo tabaka lile lile Shivji alilolionyesha. Zaidi ya 300 wakafukuzwa. Kati ya maandamano ya 1966, walipodai mishahara yao, na haya ya 1978, walipowasema wakubwa kwa ajili ya umma, kuna umbali mkubwa, na sehemu ya umbali huo ilipitiwa kwa kurasa za gazeti lililorudufiwa.

Katika mikoa ya Ziwa mpango wa kisomo ulikuwa umemalizika 1972, na ikaonekana kwamba waliojua kusoma hawana la kusoma. Kwa hiyo mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la kila mwezi kwa wasomaji wapya, lenye herufi kubwa na Kiswahili chepesi, likaitwa Elimu Haina Mwisho. Liliandika habari za kilimo, afya na ushirika, likavuka Ziwa kwa meli ile ile iliyowachukua wanafunzi kwenda masomoni, likapandishwa milimani mpaka Karagwe, na huko likasomwa kwa sauti, polepole, mtu mmoja akisoma na wengine wakisikiliza.